Ng'ombe Ana Mashahidi, Gari Halina

Msikilizaji, mzee wa Dongobesh akitaka kuuza dume moja mnadani, biashara hiyo ina macho mengi. Mtendaji wa kijiji anamwandikia kibali kwamba mnyama ni wake na ametoka zizini kwake. Mnadani kuna mtu wa ushuru, kuna bwana mifugo, kuna majirani walioleta wanyama wao, na kuna wanunuzi watatu wanne wanaoshindana bei mbele ya watu. Mnunuzi akitaja bei ya kumuumiza mzee, pembeni kuna mtu wa rika lake atakayesema hapana. Fedha zikishalipwa, zinahesabiwa tena na mtoto wa ndugu kabla hazijaingia kwenye koti. Sisemi mnada hauna wajanja. Wapo. Ila mjanja wa mnadani anafanya kazi mbele ya kadamnasi, na hilo linamfunga mikono.

Sasa mzee huyohuyo achukue fedha za madume kumi aende kununua gari. Anakwenda na nani? Mara nyingi ni dalali mmoja, na kijana mmoja wa nyumbani ambaye anataka sana gari hilo linunuliwe leo. Karatasi inawekwa juu ya boneti, jua la saa nane, mzee anaonyeshwa pa kuweka dole gumba. Hakuna kibali, hakuna jirani, hakuna mtu wa rika lake. Mali ya maisha mazima inabadilisha mikono kwa dakika ishirini, na mashahidi wawili waliopo wote wanapata kitu gari likinunuliwa.

Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo, wazee wetu wa Mbulu na Hanang wanavyopoteza mali kwenye biashara ya magari na pikipiki. Na ninaanza kwa kukataa maneno yanayosemwa vijiweni, kwamba wazee wanatapeliwa kwa sababu ya ushamba au kwa sababu akili imechoka. Mzee anayejua ukoo wa kila ng'ombe zizini mwake hadi bibi wa bibi yake hana akili iliyochoka. Kinachomponza ni kufikishwa peke yake mahali ambapo wenzake wote wana haraka, kwa lugha ambayo si ya nyumbani kwake, juu ya karatasi ambayo hakuna aliyemsomea.

Na hamu yake ya gari si anasa. Anayeijua milima ya Mbulu anajua maana ya kuteremsha gunia la vitunguu saumu kutoka Bashay wakati wa mvua, au kumwahisha mama mjamzito Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, ambayo tangu mwaka 1955 imekuwa kimbilio la watu wa Mbulu, Hanang na hata upande wa Singida. Kwa upande wa Hanang, barabara ya lami ya Babati kwenda Singida inayopita Katesh imebadilisha mambo. Mahindi, mbaazi na alizeti sasa zina soko la karibu, na gari dogo la mizigo au pikipiki ya kubebea abiria ni kipato cha kweli kwa familia. Lakini lami hiyohiyo imeleta madalali. Wanajua mavuno yanaisha lini. Wanajua siku za mnada. Wengine wamejifunza hata kumsalimia mzee kwa Kiiraqw na kumwita aako, kama mjukuu anavyomwita babu yake. Mzee aliyelelewa kuheshimu anayemheshimu, akishaitwa hivyo, anaona haya kuuliza maswali mengi.

Basi tusogee karibu na gari lenyewe.

Watanzania tuna mazoea ya kulitaja gari kwa herufi ya kibao chake. Hili ni namba C, lile namba D, lile namba E. Dalali anamwambia mzee, "Babu, hii ni namba E, gari jipya kabisa." Herufi hiyo inaonyesha gari liliandikishwa lini hapa nchini, basi. Haisemi lilitengenezwa lini. Gari lililotoka kiwandani Japani miaka ishirini iliyopita, likaendeshwa huko na kuchoka, likishuka bandarini Dar es Salaam juzi litafungwa namba ya juzi. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari, na wakati mwingine ndiyo sababu kadi haionyeshwi mapema. Kuna njia nyingine, mafundi wanaijua. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Kwenye magari mengi ya Japani, kule chini kabisa karibu na sakafu, kuna kitambaa kidogo kilichoshonewa chenye mwaka. Tazama ubavu wa tairi, utafute tarakimu nne zilizozungushiwa umbo la yai. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka tairi lenyewe lilipotengenezwa. 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kioo cha mbele ya usukani kikisema gari limetembea kilomita elfu sabini, inama utazame raba ya pedali ya breki. Ikiwa imelika mpaka chuma kinang'aa, huenda kilomita hizo zimerudishwa nyuma. Na kabla ya yote hayo, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, wamelipasha kabla hujafika ili usijue linavyowaka asubuhi. Waambie utarudi kesho alfajiri.

Mzee anayefunua mdomo wa ng'ombe na kumjua umri kwa meno hawezi kushindwa na mambo haya. Hajaelezwa tu. Na aliyekuja naye, ambaye pengine anayajua, amekaa kimya.

Hata hivyo gari bovu ni hasara ya wazi. Utaita fundi, utalia, utalipa. Hasara inayomaliza wazee ni ile iliyoko kwenye karatasi, kwa sababu haionekani mpaka siku gari linapochukuliwa uani.

Gari ni la mtu ambaye jina lake liko kwenye kadi, na kadi inatolewa na TRA. Kuhamisha umiliki kunahitaji mkataba wa mauziano, kadi yenyewe, vitambulisho na TIN ya anayenunua. Mzee wetu hana TIN, hajawahi kuihitaji. Hapo ndipo mlango mbaya unapofunguliwa. Muuzaji anasema, "Tusihangaike, tuliache kwanza kwa jina langu, tutabadilisha baadaye." Au kijana anasema, "Babu, mimi ninayo TIN, tuandike jina langu, si ni la nyumbani?" Yote mawili yanasemwa kwa upole. Na yote mawili yanamwacha mzee akiwa ametoa fedha zote na hana gari machoni pa sheria.

Yafikirieni yanayoweza kufuata. Ikiwa kadi imebaki kwa jina la muuzaji, huenda muuzaji huyo ana deni, na gari hilo ndilo dhamana. Mdai anakuja na karatasi zake, analivuta. Huenda ameliuza kwa watu wawili. Huenda gari lina faini za barabarani za mwenye gari wa zamani, zimekaa kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, na askari wa kwanza kulisimamisha pale Endasak anamdai aliyepo kwenye usukani. Na ikiwa kadi iko kwa jina la mjukuu, mjukuu anaweza kuliuza Singida asubuhi na kurudi jioni na simu mpya. Mzee akienda polisi ataulizwa, "Kadi inasema nini?"

Dawa ya hili haina gharama kubwa. TIN inatolewa bure, na mwenye namba ya NIDA anaweza kuipata. Mzee asitoe fedha ya mwisho kabla jina halijabadilika. Anayesema kubadilisha jina kunachukua muda mrefu na yeye ana safari, mwache asafiri na gari lake.

Kuna jambo jingine dogo ambalo nimeona linawaumiza wanaonunua kwa nia ya biashara. Kibao cha njano ni cha gari binafsi, cheupe ni cha gari la biashara, na abiria wa kulipa wanahitaji leseni ya LATRA. Mzee anauziwa Noah ya kibao cha njano akiambiwa "kesho inaanza kuingiza hesabu". Kesho inaanza kuingiza faini.

Nigeukie pikipiki, maana huko ndiko wanaume kwa wanawake wanakoumia, hasa bibi zetu wajane. Bibi haendeshi pikipiki wala hainunui. Anachofanya ni kumdhamini mjukuu. Kijana amemaliza shule, hana kazi, anataka kuendesha bodaboda. Kuna wakopeshaji wanaotoa pikipiki kwa kianzio na marejesho ya kila wiki, lakini wanataka mdhamini mwenye mji, mwenye shamba, mwenye ng'ombe. Kijana anarudi nyumbani kumchukua bibi.

Tupige hesabu kwa mfano. Tuseme pikipiki dukani kwa fedha taslimu ni milioni 3. Kwa mkopo wanasema kianzio laki 5, halafu elfu 60 kila wiki kwa wiki 78. Elfu 60 kwa wiki inasikika nyepesi. Kijana anasema anaipata kwa siku tatu. Lakini 60,000 mara 78 ni 4,680,000. Ongeza kianzio, unafika 5,180,000. Pikipiki ya milioni 3 imekuwa ya milioni 5 na ushee. Tofauti ni 2,180,000, na kama dume la wastani mnadani linakupa laki 7, hiyo ni ng'ombe watatu na chenji. Bibi akiambiwa "riba" haoni kitu. Mwambie ng'ombe watatu, ataweka kalamu chini aulize upya. Mtu anayetaka kuwasaidia wazee wa huku afanye hesabu zake kwa ng'ombe na kwa magunia, siyo kwa asilimia.

Halafu kijana anashindwa rejesho la wiki mbili. Pikipiki ina kifaa cha kuifuatilia. Inachukuliwa usiku au inazimwa ikiwa njiani. Kijana anaona aibu, anapotea, pengine amekwenda Mirerani kutafuta maisha. Anayebaki pale kwenye boma ni bibi, na pale ndipo mdai anapokuja. Chini ya Sheria ya Mikataba, mdhamini anadaiwa kama mdaiwa mwenyewe, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Hakuna aliyemwambia hivyo siku ya kusaini. Aliambiwa, "Bibi, unashuhudia tu." Kumwambia mtu anashuhudia wakati anajifunga deni ni wizi, na sitatafuta neno laini zaidi.

Mdai naye ana mipaka, na bibi aijue. Hawezi kuamka asubuhi akasema shamba ni lake. Ardhi ya kijiji haihamishwi kwa karatasi ya mkopo wa pikipiki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka Halmashauri ya Kijiji iridhie. Kwa mume na mke, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalinda nyumba ya familia isiuzwe wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Mtu anayekuja na vijana wenye misuli na lori kuswaga ng'ombe, bila hati ya mahakama, huyo ni wa kupelekwa kituoni. Na anayekopesha kama biashara anatakiwa awe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ambayo Benki Kuu inaisimamia. Ombeni kuiona hiyo leseni kabla ya kuona pikipiki.

Kundi la tatu la wazee ni wastaafu, na mimi nawaonea uchungu wa pekee, kwa sababu wengi ni walimu waliotufundisha kusoma hizi karatasi. Mstaafu analipwa sehemu ya mafao yake kwa mkupuo: kwa kanuni iliyoanza Julai 2022 ilikuwa asilimia 33, kisha bajeti ya mwaka 2024/25 ikaipandisha hadi asilimia 40 kwa wastaafu kama walimu hao. Iliyobaki inakuja kidogo kidogo kila mwezi. Mkupuo ule ndio fedha kubwa kuliko zote atakazowahi kushika, na mji mzima unajua siku ilipoingia. Wa gari anakuja. Wa kiwanja anakuja. Na kabla hata mkupuo haujatoka, yupo mkopeshaji aliyemtangulia: anamkopesha mwalimu anayesubiri mafao, anachukua kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri, kisha mkopo unazaa na kuzaa.

Hili si jambo la kubuni. Mwaka 2020 TAKUKURU mkoani kwetu Manyara ilishughulikia malalamiko ya wastaafu, walimu wakiwa wengi, waliomezwa na mikopo ya namna hiyo, na baadhi walirudishiwa fedha zao. Wananchi wakaipa mikopo hiyo jina la mikopo umiza. Siku hizi wanaita kausha damu. Sura za wastaafu waliokuwa wakipokea fedha zao tena zilionyesha kitu kimoja cha maana: walikuwa na haki tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mtu wa kuketi upande wao wa meza.

Kwa nini basi mzee anasaini asichokijua? Wengine wanasema ni uvivu wa kuuliza. Nadhani jibu liko mbali zaidi, na kwa Hanang lina historia. Wazee wa Kibarbaig waliokuwa vijana miaka ya 1970 na 1980 waliona malisho yao ya Basotu yakigeuzwa mashamba makubwa ya ngano ya shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua, na mojawapo ya mambo yaliyowaangusha ni uthibitisho: kijiji hakikuweza kuonyesha kwamba kiligawiwa ardhi ile. Watu waliokuwa wakichunga pale tangu enzi za babu zao walishindwa na karatasi. Mzee aliyeishi hayo amejifunza kwamba karatasi ina nguvu kuliko yeye. Ukimletea karatasi leo, ama ataikimbia kabisa, ama ataisaini ili mambo yasimharibikie. Muuzaji mbaya anautumia woga huo. Anamwambia, "Mzee, usiposaini leo, jina lako linatoka."

Na sheria ya nchi inaujua woga huo. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinazungumzia mtu anayetumia nafasi yake ya kumtawala mwenzake kimawazo ili apate faida isiyo ya haki. Kinamtaja waziwazi mtu ambaye uwezo wake wa akili umeathiriwa, kwa muda au kwa kudumu, na umri, maradhi, au dhiki ya mwili au ya moyo. Mkataba uliopatikana kwa ushawishi wa namna hiyo, au kwa udanganyifu, unaweza kutenguliwa na aliyeonewa. Anayechukua fedha kwa kusema uongo kuhusu gari, akijua ni uongo, anaweza pia kushitakiwa kwa kujipatia mali kwa udanganyifu chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa nayo inamtaka muuzaji awe na haki ya kuuza, na kitu kilingane na alivyokieleza. Aliyesema ni la mwaka 2012 na kadi ikasema 2002, amevunja mkataba hata kama injini inaunguruma vizuri.

Nchi nyingine zimempa mnunuzi muda wa kupumua. Uingereza, tangu sheria yao ya mwaka 2015, aliyenunua kwa mfanyabiashara kitu chenye kasoro ana siku 30 za kukirudisha na kudai fedha zote. Marekani wana siku tatu za kutengua mauzo yaliyofanyika mlangoni kwa mtu, ingawa watu wengi huko hudhani siku hizo zinahusu gari la kununua yadi, na hazihusu. Kwa hiyo hata kule mzee anaingizwa kwenye gari lisilo na faida kwake, anaongezewa bima na makorokoro asiyoyaomba, na kesho yake anaambiwa amechelewa. Tusidhani tatizo ni la Katesh peke yake.

Ila sisi tuna kitu wasichokuwa nacho, na tumekiacha mnadani. Ninasema hivi: utaratibu uleule unaomlinda mzee akiuza ng'ombe umfuate akinunua gari. Mtendaji anayeandika kibali cha kuuza madume kumi ana nafasi ya kuuliza, "Mzee, hizi fedha zinakwenda wapi?" Siyo kumkataza. Mali ni yake, na mzee mwenye akili timamu ana haki ya kununua hata gari bovu akipenda. Ni kumwambia tu, lete huo mkataba hapa ofisini tuusome kwa sauti, kwa Kiiraqw au kwa Kidatoga cha Wabarbaig, mbele ya watu wawili wa rika lako na fundi uliyemtafuta wewe. Halmashauri za vijiji zinaweza kuweka daftari la manunuzi makubwa kwa hiari ya wanakijiji. Muuzaji mwaminifu atakuja bila wasiwasi. Yule ambaye hataki kufika ofisi ya kijiji amekwisha kujieleza.

Na fundi huyo asiwe wa dalali. Dalali anaishi kwa cha juu. Mwenye gari anataka milioni 9, mzee anatajiwa milioni 11 na nusu, na ile milioni mbili na nusu inagawanywa kwa watu ambao mzee anawaona ni wasaidizi wake. Mara nyingine mgawo mmoja unarudi nyumbani kwake, mfukoni mwa kijana aliyemsindikiza. Kulisema hili hewani ni kuzito, najua kuna familia zinanisikiliza na zinatazamana. Lakini wazee wengi hawalalamiki kwa sababu hiyohiyo. Kumshitaki dalali ni kumshitaki mjukuu. Hivyo wanakaa kimya, gari linaota nyasi chini ya mti, na watu wanasema mzee alinunua vibaya.

Kwa mambo ya ndani ya familia mimi siamini kwamba mahakama ndiyo mahali pa kwanza. Jamii zetu za huku hazijawahi kukosa vyombo. Wairaqw wana vikao vya wazee ambao neno lao bado linasikika. Wabarbaig wana baraza la wanawake, girgwageda gademga, lenye mamlaka ya kumtoza mwanamume faini ya ng'ombe kwa kosa dhidi ya wanawake. Kijana aliyemfunga bibi yake deni la pikipiki kwa kumdanganya kuwa anashuhudia tu, akiitwa mbele ya kina mama wale, atajibu maswali ambayo hakimu hangeyafikiria.

Kabla sijaaga, neno kwa wale ambao wameshasaini. Usichane karatasi kwa hasira, wala usimrudishie muuzaji "akurekebishie". Itoe kopi. Weka pamoja risiti zote, ujumbe wa miamala ya simu, picha ya gari na ya kibao chake, na jina la kila aliyekuwepo siku hiyo. Acha kulilipia gari kwa mtu asiye na risiti. Nenda kwa mtendaji, omba akuelekeze kwa msaidizi wa kisheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wasaidizi hawa wanatambuliwa rasmi, na asiye na uwezo anasaidiwa bila malipo. Kama kadi yako ya benki iko mikononi mwa mkopeshaji, nenda benki mwenyewe na kitambulisho, ifungwe upewe nyingine. Shauri la mkataba lina muda wa miaka 6 kufunguliwa, lakini anayetaka kuutengua mkataba kwa sababu alidanganywa hatakiwi kukaa na gari akilitumia mwaka mzima ndipo aseme. Na ukienda, usiende peke yako. Mchukue jirani mliyekwenda naye mnadani.